Bustani ya debe isidharauliwe

KATIKA miji ya Tanzania yupo mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 50 amekuwa akiwahimiza wenzake walime, huku yeye mwenyewe akinunua mchicha. Mtu huyo ni mtumishi wa umma. Ofisini huandika nyaraka za kilimo. Vijijini huhutubia mikutano. Darasani hufundisha namna ya kutayarisha kitalu. Jioni ikifika husimama kando ya barabara, akapapasa mfuko apate fedha ya mafungu mawili ya mboga zilizokwisha kunyauka, mboga ambazo hajui zilimwagiliwa maji gani. Akiulizwa kwa nini hana bustani, jibu lake ni fupi: hana kiwanja.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Kiwanja ni lazima kwa mahindi, mihogo na migomba. Mboga za majani na viungo vya mchuzi vyaweza kuoteshwa kwenye debe, kwenye ndoo iliyopasuka au kwenye gunia lililosimamishwa ukutani. Kinachotakiwa ni udongo mzuri, maji kidogo, jua, na mtu wa kuvitazama kila siku. Watumishi na walimu wengi wanalijua jambo hili. Kinachowazuia si ujinga bali ni dharau: kilimo cha debe huonekana kuwa kazi ya kitoto, isiyomfaa mtu mwenye cheo. Dharau hiyo inazigharimu familia fedha na afya, na wakati umefika iachwe.

Historia ya nchi inaonyesha kwamba mfanyakazi wa mjini hakuwa hivi siku zote. Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Miaka miwili baadaye, baada ya ukame kuikumba nchi na nafaka nyingi kuagizwa kutoka nje, ilifuata kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ambayo haikumwacha mtu wa mjini nje. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, nyuma ya nyumba nyingi za serikali palikuwa na matuta ya mchicha, mihogo na banda la kuku. Mwaka 1992 zikatungwa kanuni za kilimo cha mijini, zilizomruhusu mkazi wa mji kulima kwa kuwekewa mpaka wa ekari 3.

Lakini juhudi zote hizo zilimchukulia mtu wa mjini kuwa na ardhi. Leo hali ni nyingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Uwanja wa nyuma uliokuwa na matuta sasa una vyumba vya kupangisha, na palipobaki pamesakafiwa kwa saruji. Mwalimu aliyeajiriwa karibuni anaishi katika chumba kimoja au viwili, akishirikiana ua na wapangaji wengine watano au sita. Kumwambia mtu huyo achukue jembe ni kumfanyia mzaha. Kumwambia aanze na madebe matatu kando ya mlango wake ni ushauri anaoweza kuufuata Jumamosi hii.

Faida ya kwanza ni afya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, idadi ilikuwa 58 katika kila 100. Upungufu huo una sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwamo; lakini chakula kisicho na madini ya chuma na vitamini za kutosha ni mojawapo ya sababu kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale walau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mboga ya majani ndiyo ya kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua, kwa kuwa ugali hauachwi na nauli haikopwi.

Isitoshe, si kila mboga inayouzwa mjini ni salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ukakuta ndani ya majani madini mazito, yakiwamo risasi na kadimiamu. Mkulima mdogo wa bondeni asibebeshwe lawama ya jambo hilo, maana si yeye aliyemwaga taka za viwanda mtoni. Lakini mzazi anayemlisha mtoto ana haki ya kujua mboga yake imeoteshwa katika udongo upi. Mwenye debe lake anajua.

Wapo watakaosema kwamba kuotesha mimea katika makopo ni desturi ya kigeni. Sivyo. Katika nyumba za mawe za Unguja, Mombasa na Lamu, ambako uani hapana hata hatua kumi za udongo, mrehani na asumini vimeoteshwa kwa miaka mingi katika vyungu na makopo, vikachumwa kwa ajili ya vikuba na sherehe. Aliyeweza kuutunza mrehani kwa ajili ya harufu hashindwi kuitunza giligilani kwa ajili ya mchuzi. Jirani zetu wa Kenya nao wametoa somo kubwa zaidi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza mwaka 2008 kuwasaidia wakazi wa Kibera, Nairobi, kuotesha sukuma wiki na mboga nyingine katika magunia. Hapo ni mahali ambapo nyumba zimegusana kuta. Ikiwa gunia lilipata nafasi Kibera, hapana ua wa mwalimu wa Tabora au Mtwara usioweza kulipokea.

Kazi yenyewe haihitaji mtaji, bali inahitaji kufanywa kwa utaratibu. Chombo chochote kilichokuwa na chakula kinafaa: debe la mafuta ya kupikia, dumu la lita 20, beseni kuukuu, kiroba cha mchele. Dumu hulazwa likakatwa ubavu wa juu, ili mchicha upate uso mpana. Mizizi yake ni mifupi na haihitaji kina kirefu. Chini hutobolewa matundu 6 au 8, kisha hutandazwa kokoto au vigae ili maji yatoke bila kuchukua udongo. Udongo mzuri ni mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu moja la samadi iliyooza vizuri na fungu moja la mchanga. Udongo wa mfinyanzi peke yake hugandamana ukawa kama tofali, na samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche. Wengi waliojaribu mara moja wakakata tamaa walikosea katika mambo haya mawili.

Mchicha huwa tayari baada ya wiki 3 hadi 4 tangu kupandwa. Badala ya kung'olewa waweza kukatwa juu, nao ukachipua tena. Matembele hayahitaji mbegu. Vipande vya marando ya viazi vitamu huchomekwa katika udongo, na vikishika, machipukizi yake huchumwa kwa miezi mingi. Sukuma wiki hutaka ndoo ya lita 10 kwa kila mche, au tundu lake ubavuni mwa gunia. Nyanya na bilinganya ni walaji wakubwa. Kila mche upewe chombo chake cha lita 20, na mahali penye jua lisilopungua saa 6 kwa siku. Mboga za majani huvumilia kivuli zaidi.

Gunia hutengenezwa kwa namna yake. Kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati na kujazwa kokoto, na udongo humwagwa kulizunguka. Kisha kopo huvutwa juu, likajazwa tena, mpaka gunia lote liwe na nguzo ya mawe katikati. Maji yakimiminwa juu hushuka kwa nguzo hiyo na kuifikia mizizi ya chini, ambayo vinginevyo ingekauka wakati udongo wa juu umelowa. Miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni, na gunia moja huchukua miche 30 au zaidi katika nafasi isiyozidi ile ya kiti kimoja.

Hesabu nayo isemwe kwa uaminifu, maana kampeni nyingi zimekufa kwa kuahidi yasiyowezekana. Dumu moja lililolazwa halitoi zaidi ya fungu dogo la mchicha kwa mkato mmoja. Mwenye dumu moja atafurahi siku moja na kusubiri mwezi. Mwenye madumu 12, akapanda matatu kila wiki, atakuwa na mboga ya chungu kimoja kila wiki bila kukoma. Akiongeza gunia la sukuma wiki na jingine la matembele, nyumba yake itakula mboga yake yenyewe mara mbili au tatu kwa wiki. Familia haitashiba kwa hayo peke yake, lakini hizo ni siku mbili au tatu ambazo mfuko haukuguswa.

Viungo ndivyo vinavyolipa kuliko vyote, na ndivyo vinavyosahauliwa. Mpishi huhitaji majani machache ya giligilani, lakini sokoni hulazimika kununua fungu zima, na nusu yake huoza. Pilipili moja katika ndoo ya lita 10 yaweza kuzaa kwa zaidi ya mwaka. Mnanaa, mchaichai na vitunguu vya majani hukatwa leo vikachipua kesho. Makopo manne ya viungo dirishani huondoa matumizi madogo madogo ya kila siku, yale ambayo hayaandikwi popote lakini mwisho wa mwezi hujulikana kwa upungufu wake.

Swali la maji ni zito, na hapana mahali linapowagusa watumishi wa serikali kuliko Dodoma. Uamuzi wa kuihamishia huko makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 watumishi wengi wamehamia na familia zao. Waliozoea mvua mbili za pwani wamekuta mahali penye msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua ambayo kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Wengi wamekata shauri kwamba Dodoma haifai kwa bustani. Ukweli ni kwamba tuta la ardhini ndilo linaloshindwa huko, kwa kuwa maji hunywewa na nchi kavu pande zote. Chombo huyashika maji pale pale penye mizizi. Dumu la mchicha lililofunikwa kwa nyasi kavu huridhika na lita moja hivi kwa siku. Maji ya kuoshea mchele na mboga, ambayo kila siku humwagwa nje, yanatosha kwa sehemu kubwa ya mahitaji hayo. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yasitumiwe, maana huharibu udongo. Kumwagilia kufanywe alfajiri au jioni, kamwe si saa sita mchana.

Yapo mambo ya hatari ambayo hayana budi kutajwa. Chombo kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu, rangi, au tindikali ya betri kisitumiwe hata kikioshwa mara kumi. Sumu haionekani kwa macho, nayo huingia katika jani. Pili, chombo kinachotuamisha maji ni nyumba ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, matairi na sahani za kuwekea vyungu, naye huuma mchana. Dar es Salaam iliyaona madhara yake katika milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo debe lisilo na matundu si bustani. Ni hatari kwa mtaa mzima. Matundu yazibuliwe mara kwa mara, sahani za chini zimwagwe, na vyombo vitupu vipinduliwe.

Jambo jingine lahusu nani afanye kazi hiyo. Itakuwa ni dhuluma ikiwa Baba atasoma shauri hili, akalisifu, kisha akamkabidhi Mama na mtumishi wa ndani mzigo mwingine juu ya kupika, kufua na kulea. Mchicha haumwagiliwi kwa hotuba. Mtu mzima mwenye afya anayeamka saa kumi na moja na nusu ana dakika 15 za kumwagilia madumu 12 kabla ya kwenda kazini, awe katibu muhtasi au mkurugenzi. Watoto wafundishwe kwa kushirikishwa, wala si kwa kutumwa.

Hapo ndipo wajibu wa walimu unapokuja. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka kazi ya mikono iwe sehemu ya elimu yenyewe. Shule zikawa na mashamba. Lakini katika shule nyingi maana hiyo ilipotea njiani: mwanafunzi aliyechelewa ndiye aliyepewa jembe, na aliyepiga kelele ndiye aliyemwagilia bustani. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kwamba kulima ni adhabu, naye akikua akapata cheo atafurahi kuikimbia adhabu hiyo. Debe linaweza kusaidia kulirekebisha kosa hilo. Darasa lenye madebe 10 linaweza kupima urefu wa mche kila siku, kuchora jedwali, kulinganisha debe lenye samadi na lisilo nayo, na kuhesabu gharama na mapato. Hiyo ni hisabati, ni sayansi, na mwisho wake ni chakula. Shule ya mjini isiyo na shamba haina tena udhuru, wala mwalimu anayefundisha somo hilo bila kuwa na hata debe moja nyumbani kwake.

Hata hivyo isije ikadhaniwa kwamba debe la mchicha ni badala ya mshahara wa haki. Mtumishi anayedai malimbikizo yake asijibiwe kwamba aoteshe mboga. Wala debe si badala ya mkulima na mama anayeuza mboga mtaani. Familia iliyo na madumu 12 bado itanunua unga, maharage, vitunguu na nyanya, na siku nyingi itanunua mchicha pia. Bustani ya debe ni ziada halali anayojitafutia mtu kwa mikono yake, na heshima yake iko katika kuitwa kwa jina hilo, bila kukuzwa wala kubezwa.

Kwa upande wao, wenye mamlaka wanapaswa kuondoa vikwazo. Ziko nyumba za kupanga, za watu binafsi na hata za umma, ambamo mpangaji hukatazwa kuweka ndoo ya udongo kwenye roshani au uani kwa sababu inachafua sura ya nyumba. Kuzuia vyombo vizito mahali pasipoweza kuvibeba ni haki. Kuzuia kila kitu ni ukaidi. Wanaochora ramani za nyumba za watumishi waweke ukingo imara wenye jua na bomba la maji karibu. Halmashauri zinazotumia fedha kusomba samadi ya minada na takataka za masoko hadi jalalani zinatupa mbolea. Zinaweza kuzitenga, zikaziozesha na kuwauzia wananchi mboji kwa bei nafuu. Maofisa ugani nao waijue mitaa ya wapangaji kama wanavyoyajua mashamba ya pembezoni. Mwalimu wa kupanga naye ni mkulima anayestahili kutembelewa.

Haba na haba hujaza kibaba. Hapana sababu ya kungoja kampeni, semina wala bajeti. Mbegu za mchicha huuzwa kwa fedha kidogo sokoni, marando ya viazi huombwa kwa jirani, na debe kuukuu limo ndani ya nyumba. Watumishi na walimu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wepesi wa kuwafundisha wengine, waanze wao, na waanze na madebe matatu. Baada ya wiki nne watakuwa na mboga ya kupika, na watakapomwambia mwanafunzi au mwanakijiji alime, watakuwa na kitu cha kumwonyesha.